Mchango kwa Wagonjwa wa ALS: Utafiti, Matunzo ya Nyumbani au Hospisi?

Kila chama cha kusaidiana, kanisa au kundi la watu waliosoma pamoja linaloamua kumchangia mwenzao aliyepatikana na ugonjwa wa ALS hufika mahali pa kuulizana fedha zipelekwe wapi. Walioko Marekani na Uingereza hupendekeza utafiti, kwa kuwa huko ndiko mashirika makubwa yaliko na ndiko baadhi ya waajiri hukubali kuongeza juu ya kile mfanyakazi alichotoa. Walioko Kisumu, Kakamega au Nakuru, ambao ndio wanaomwinua mgonjwa kitandani asubuhi, huomba pesa za matunzo. Na mara nyingi hutokea mzee mmoja anayetaja hospisi, yaani kituo cha kuwatuliza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, kwa sababu aliona jinsi ilivyomhudumia ndugu yake mwenye saratani. Wote wana hoja. Nimeyaandika haya ili kuwasaidia kuamua, na kigezo nitakachokitanguliza mbele ya vingine ni wakati: msaada huu utamfikia nani, na utamfikia lini?

ALS huua seli za neva zinazopeleka amri kutoka ubongoni na kwenye uti wa mgongo hadi kwenye misuli. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza tangu mwaka 1869, na Wamarekani wengi wangali wanauita kwa jina la Lou Gehrig, mchezaji wa besiboli aliyegunduliwa kuwa nao mwaka 1939 na kufariki 1941. Mgonjwa huanza kwa kushindwa kufunga vifungo vya shati, au kujikwaa mahali pasipo na jiwe. Kisha misuli hukonda, ulimi huwa mzito, kumeza huwa kazi, na mwishowe misuli ya kupumua nayo huchoka. Wakati huo wote kwa kawaida anaona, anasikia na kuhisi mguso, na ingawa baadhi hupata mabadiliko ya fikra na tabia, wengi huelewa kila linalosemwa chumbani. Wengi huishi kati ya miaka 2 na 5 tangu dalili za kwanza, na takriban mmoja kati ya kumi huvuka miaka 10. Stephen Hawking, aliyeambiwa ugonjwa wake mwaka 1963 na kuishi hadi 2018, ni kisa cha nadra ambacho familia haifai kukifanya msingi wa bajeti yake.

Sehemu kubwa ya muda huo mfupi hupotea kabla jina la ugonjwa halijajulikana, hasa huku kwetu. Mtu akikonda bila sababu inayoonekana, katika boma nyingi za Nyanza kuna atakayesema ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, kuna atakayeshuku Ukimwi, na kuna atakayempeleka kwa maombi kwanza. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachothibitisha ALS. Daktari hulazimika kuondoa uwezekano mwingine mmoja baada ya mwingine, kwa picha ya MRI ya shingo, vipimo vya damu na kipimo cha umeme wa neva na misuli. Madaktari bingwa wa neva ni wachache nchini na wengi wako Nairobi, takriban kilomita 350 kutoka Kisumu na 160 kutoka Nakuru, ingawa anayetoka magharibi anaweza pia kuanzia katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Jaramogi Oginga Odinga au ile ya Moi mjini Eldoret. Kwa hiyo kamati ya mchango inapokutana kwa mara ya kwanza, huenda mgonjwa amekwisha kutumia mwaka mzima wa ile miaka michache. Hali hiyo ndiyo inayonifanya niupime kila mchango kwa kuuliza utafika lini.

Fedha za utafiti hufika lini

Mfano mkubwa kabisa wa kuchangia ugonjwa huu ni ule wa watu kujimwagia ndoo ya maji ya barafu katika kiangazi cha mwaka 2014. Zaidi ya watu milioni 17 waliweka video zao mtandaoni, na shirika la Marekani la ALS Association peke yake likapokea dola milioni 115. Wengi wa waliojimwagia maji hawajui fedha hizo zilivyogawanywa, na mgawanyo wenyewe una funzo kwa kamati yoyote ya Kondele au Bondeni: takriban theluthi mbili zilitengewa utafiti, sehemu moja ya tano huduma kwa wagonjwa na jamii zao, na zilizosalia zikaenda kwenye elimu na gharama za uchangishaji. Shirika lililoanzishwa kupambana na ugonjwa huu, likiwa na fedha nyingi kuliko lilivyowahi kuota, halikuona utafiti na matunzo kuwa mahasimu.

Fedha hizo zilizaa matunda. Mwaka 2016 watafiti wa mradi wa kimataifa wa Project MinE, uliofaidika na michango ile, walitangaza kuwa jeni ya NEK1 inahusika na ugonjwa huu. Lakini umbali uliopo kati ya kugundua jeni na kumpa mgonjwa dawa unaonekana vizuri zaidi katika jeni nyingine, SOD1. Ilitambuliwa mwaka 1993. Dawa inayolenga jeni hiyo, toferseni, iliidhinishwa Marekani mwezi Aprili 2023, miaka 30 baadaye. Inawafaa wagonjwa wenye kasoro katika SOD1 tu, ambao ni kama asilimia 2 ya wagonjwa wote. Hudungwa kwenye maji ya uti wa mgongo, dozi tatu za mwanzo kila wiki mbili na kisha kila baada ya siku 28. Na bei yake ilipotangazwa Marekani ilikuwa zaidi ya dola 14,000 kwa dozi moja. Dawa kongwe zaidi, riluzoli, iliidhinishwa mwaka 1995, ni kidonge cha kumeza mara mbili kwa siku, na katika majaribio ilirefusha maisha kwa wastani wa miezi miwili hadi mitatu.

Kuna pia dawa ambazo hazikufika. AMX0035, iliyopata sehemu ya fedha za ndoo za barafu katika hatua zake za awali, iliidhinishwa Marekani mwezi Septemba 2022, kisha jaribio kubwa likaonyesha kwamba haikuwasaidia wagonjwa, na mwezi Aprili 2024 watengenezaji wakaiondoa sokoni. Sioni kwamba fedha zile zilipotea, kwa sababu bila jaribio hilo wagonjwa wangeendelea kulipia dawa isiyofaa. Lakini anayechangia utafiti hana budi kukubali tangu mwanzo kwamba huenda analipia jibu la hapana.

Ukiyaweka haya kando ya mahitaji ya mgonjwa wa Siaya aliyeambiwa ugonjwa wake mwezi uliopita, ni wazi kuwa shilingi inayotumwa leo maabara ya Boston au London haitamrudia yeye. Itawafikia wengine, pengine wajukuu wetu. Iko familia moja ambayo hesabu hii hubadilika kwake: ile yenye ugonjwa wa kurithi. Takriban asilimia 10 ya wagonjwa wana ndugu wa damu waliowahi kuugua, na kwa nyumba ambayo baba, shangazi na sasa kijana wamepatwa, utafiti wa jeni ni matunzo ya watoto wao wenyewe. Familia ya namna hiyo ina sababu nzuri ya kuupa utafiti uzito mkubwa kuliko majirani zake.

Kwa sisi wengine, ninaamini kuna zawadi ya thamani kubwa kuliko fedha tunayoweza kuipa sayansi, nayo ni kushiriki. Taarifa nyingi za jeni za ALS zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya, na dawa zinazobuniwa kwa kufuata jeni zitawafaa zaidi watu ambao jeni zao zimechunguzwa. Magharibi mwa Kenya inajua vizuri maana ya kushiriki: watoto wa Siaya na Kombewa walikuwa miongoni mwa walioshiriki katika jaribio la mwisho la chanjo ya malaria ya RTS,S, na Septemba 2019 Kenya ilipoanza kuitoa chanjo hiyo, ilizinduliwa Homa Bay. Mgonjwa wa ALS akialikwa kutoa damu au kumbukumbu zake za matibabu, familia iulize kibali cha kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na isisitize kuambiwa taarifa zake zitahifadhiwa wapi, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa haki hiyo. Na mtu yeyote anayemtaka mgonjwa alipe maelfu ya dola ili aingizwe kwenye "utafiti" wa seli shina, mkimbieni. Familia iliyokata tamaa huuza shamba kwa ahadi kama hizo, na shamba likishauzwa hakuna kinachobaki cha kumlipa mtu wa kumgeuza mgonjwa usiku.

Matunzo ya nyumbani

Upande huu ndio wenye mengi ya kusemwa, kwa kuwa makosa ya kununua vitu visivyohitajika, au kuvinunua vikiwa vimechelewa, hutokea hapa.

Anza na pumzi. Mwaka 2006 madaktari wa Uingereza walichapisha jaribio lililowalinganisha wagonjwa waliopewa mashine ya kusaidia kupumua kwa barakoa, ambayo wauguzi huiita BiPAP, na wale wasiopewa. Kwa wagonjwa ambao misuli ya koo na ulimi ilikuwa bado na nguvu, waliotumia mashine waliishi siku 205 zaidi kwa kipimo cha kati, na sehemu kubwa ya siku hizo ilikuwa ya maisha wanayoyaridhia. Linganisha na miezi miwili au mitatu ya riluzoli. Mashine hii haihitaji maabara wala miaka 30; inahitaji fedha, mafunzo ya siku chache na umeme. Familia nyingi, zikimwona mgonjwa anahema, hukimbilia mtungi wa oksijeni, jambo linaloeleweka baada ya yale tuliyoyaona wakati wa Korona. Lakini katika ALS mapafu yenyewe mara nyingi ni mazima. Kilichochoka ni misuli inayoyapanua, na oksijeni peke yake inaweza kuacha hewa chafu ijikusanye mwilini hadi mgonjwa alale usingizi asioamka. Kwa hiyo kamati ikiulizwa ichague kati ya mashine ya oksijeni na BiPAP, jibu la kawaida ni BiPAP, na daktari ndiye wa kuthibitisha. Dalili za kuitafuta mapema ni maumivu ya kichwa kila asubuhi, usingizi wa mang'amung'amu, na kushindwa kulala chali.

Umeme nao uhesabiwe kama sehemu ya mashine. Stima ikipotea saa nane usiku Nyalenda au Mumias, mashine isiyo na betri ni samani tu. Betri, au sola ndogo yenye inveta, inunuliwe siku hiyo hiyo inaponunuliwa mashine, hata kama itabidi kununua mashine iliyokwisha kutumika ili bajeti itoshe. Mkipewa bei na duka moja, tafuteni ya pili kabla ya kulipa, na mkubaliane nani atakayeitengeneza ikiharibika.

Jambo la pili ni chakula. Watu wengi hushangaa kuambiwa kuwa chai, kwa wepesi wake, humkaba mgonjwa kuliko uji mzito wa wimbi. Kwamba ugali mkavu ni hatari. Na kwamba samaki hafai kuachwa na mwiba hata mmoja, sembuse omena. Chakula laini, kizito na chenye mafuta ya kutosha humzuia mgonjwa asikonde, na kukonda katika ugonjwa huu hufupisha maisha. Kumeza kukiendelea kuwa kugumu, madaktari hupendekeza mrija wa kulishia unaopitishwa kwenye ngozi ya tumbo hadi ndani ya tumbo. Upasuaji ni mdogo, lakini ni salama zaidi ukifanywa kabla uwezo wa mapafu haujashuka chini ya nusu ya kiwango cha kawaida. Hapa tena wakati ndio unaoamua: fedha za mrija zinazopatikana miezi sita baadaye zinaweza kukuta dirisha limefungwa.

Jambo la tatu ndilo husahaulika katika kila bajeti niliyowahi kuiona ikisomwa, nalo ni mikono ya watu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana, la sivyo vidonda vya kulalia vitamwua kabla ya ALS. Kazi hiyo kwa kawaida huangukia mke, binti au mama, ambaye ameacha kibanda chake cha soko la Kibuye au ameacha shule, na hakuna anayemhesabu kama gharama kwa sababu hadai mshahara. Ningependa kila kamati iandike mstari wa kwanza wa bajeti kuwa malipo ya msaidizi wa kumpokea mtunzaji huyo, walau usiku kadhaa kwa wiki ili apate kulala. Hakuna kifaa kinachochangia uhai wa mgonjwa kuliko mtunzaji mwenye nguvu na usingizi wa kutosha. Mfuko wa fedha ukiwa mdogo, punguzeni vifaa kabla ya kumpunguza mtu.

Vifaa vingine hugharimu kidogo kuliko watu wanavyodhani. Karatasi ngumu au plastiki ya wazi iliyoandikwa herufi, ambayo mgonjwa huchagua herufi zake kwa macho huku mwenzake akisoma upande wa pili, humrudishia usemi kwa bei ya kalamu, na inaweza kuandikwa Kiswahili, Dholuo au Lubukusu. Simu ya kawaida inaweza kuhifadhi sauti yake mwenyewe akisema maneno ya kila siku na majina ya watoto, ilimradi afanye hivyo ulimi ungali mwepesi. Kiti cha magurudumu ni tofauti: kile cha kawaida kisicho na kishikilia kichwa hutumika miezi michache tu, kwa hiyo ni afadhali kuazima au kuomba kuliko kununua. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, hutengeneza viti nchini, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina hazina inayotoa vifaa saidizi kwa waliosajiliwa. Msajilini mgonjwa mapema, hata kama mwenyewe anaona bado hajawa mlemavu. Usajili huo pia ndio mlango wa kuomba shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa Inua Jamii kwa wenye ulemavu mkubwa, ambazo hazitoshi lakini hazidharauliki.

Udhaifu wa kuchangia nyumba moja hauna budi kusemwa. Fedha zikiingia kwenye simu ya ndugu mmoja, karo na deni la mbolea huzifikia kabla ya mgonjwa, na ugomvi wa familia humwumiza yeye kuliko kukosa fedha zenyewe. Tena msaada wote huishia kwa mtu mmoja. Njia ninayoipenda ya kupunguza udhaifu huu ni chama kumiliki vifaa na kuviazimisha: kitanda cha kuinuka, godoro la hewa, mashine ya kufyonza mate na ya kupumua vibaki mali ya chama, vipewe nambari, na vikirudi vihamie nyumba nyingine. ALS ni nadra, na kaunti ya Kisumu yenye watu 1,155,574 kwa sensa ya 2019 haitakuwa na wagonjwa wengi kwa wakati mmoja, lakini kitanda hicho hicho kitamfaa aliyepatwa na kiharusi Ahero, na wa kiharusi ni wengi.

Hospisi na kliniki

Hospisi zipo Kisumu, Nakuru na Eldoret, na ile ya Nairobi imekuwepo tangu 1990. Wengi wanaohudumiwa huko ni wagonjwa wa saratani, na ndiyo maana familia za ALS mara nyingi hazifikirii kubisha hodi. Zibishe. Muuguzi wa huduma shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anajua mambo ambayo hospitali kubwa haina nafasi ya kuyafundisha: namna ya kutumia mofini ya maji kwa kiasi kidogo kumtuliza anayekosa pumzi, namna ya kukausha mate yanayomkaba, namna ya kuongea na watoto, na namna ya kumwuliza mgonjwa mapema, akiwa bado anaweza kusema, kama angetaka kutobolewa koo na kuunganishwa na mashine siku ikifika. Swali hilo la mwisho lisipoulizwa mapema, hujibiwa usiku wa manane na watu wenye hofu, na bili ya chumba cha wagonjwa mahututi huifuata familia kwa miaka.

Kwa anayechagua, hospisi ina faida ambayo nyumba moja haina: mchango wake unawafikia wengi, vitabu vyake vya hesabu vinaweza kuombwa na kusomwa, na ujuzi unabaki baada ya mgonjwa wenu kuondoka. Upungufu wake ni kwamba hailali nyumbani kwa mgonjwa na magari yake hayafiki kila mahali. Mkiamua kuichangia, ulizeni kwanza kama inampokea mgonjwa asiye na saratani, inafika umbali gani, na kama itakubali fedha zenu zitumike kwa mafuta ya gari na mafunzo ya wauguzi kuhusu magonjwa ya neva. Mafunzo hayo yanaweza kuwafikia hata wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwatuma vijijini kote nchini mwaka 2023 na ambao huingia nyumba ambazo daktari hatawahi kuingia.

Kliniki ya pamoja, ambamo daktari wa neva, wa mapafu, mtaalamu wa lishe na wa tiba ya viungo humwona mgonjwa siku moja, ni jambo jingine lenye ushahidi: utafiti wa Ireland uliochapishwa mwaka 2003 uligundua kuwa wagonjwa waliohudumiwa hivyo waliishi miezi saba na nusu zaidi ya wenzao waliohudumiwa na kliniki za kawaida za neva. Chama kidogo hakiwezi kuanzisha kliniki. Kinaweza, hata hivyo, kulipa nauli na malazi ili mgonjwa aonwe na wataalamu hao wote katika safari moja badala ya safari nne, na kuiomba hospitali ipange miadi hivyo. Kuhusu bima, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na mchango ni asilimia 2.75 ya kipato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Hakikisheni mgonjwa na mtunzaji wake wote wamelipiwa bila kukatika, kisha muulize hospitalini kwa kila huduma kabla ya kuipata.

Kuchanga mara moja au kila mwezi

Harambee kubwa ina nguvu zake. Inakusanya fedha nyingi kwa siku moja, inautangaza ugonjwa, na kwa kitu cha bei kubwa kinachohitajika sasa hivi, kama mashine ya kupumua, hakuna njia ya haraka kuliko hiyo. Ila ALS ni ugonjwa wa miezi mingi ambao mahitaji yake hubadilika, na fedha za siku moja huisha wakati ambapo watu wamekwisha kuhisi kwamba wametimiza wajibu wao. Watu 60 wanaoahidi shilingi 500 kila mwezi hukusanya 30,000, kiasi ambacho hakitangazwi na mtu yeyote kwenye kipaza sauti, lakini kinaweza kumlipa msaidizi mwezi baada ya mwezi. Nikilazimika kuchagua moja, nachagua ahadi ya kila mwezi bila kusita.

Matembezi ya hisani, hasa karibu na tarehe 21 Juni ambayo duniani kote ni siku ya kuukumbuka ugonjwa huu, ni mazuri kwa elimu ya umma. Yapangwe kwa lengo hilo. Fulana, mahema, vyombo vya muziki na vibali vinaweza kula nusu ya kilichopatikana, na sijawahi kuelewa kwa nini mgonjwa asiye na betri ya mashine achapishiwe fulana mia mbili. Uchangishaji wa mtandaoni, kama ule wa jukwaa la M-Changa lililoanza nchini mwaka 2012, unawafaa walioko ng'ambo na unaacha kumbukumbu ya kila shilingi. Hesabuni ada yake kabla ya kutangaza lengo, na mwombeni mgonjwa ruhusa kabla ya kuweka picha yake. Anaweza kukataa, na kukataa kwake kuheshimiwe.

Na kuna jambo moja la kwetu ambalo ni lazima niliseme waziwazi. Kutoka Migori hadi Bungoma, mtu akifariki kamati huundwa siku hiyo hiyo, daftari hupita, na katika wiki moja hupatikana fedha za jeneza, magari, mahema na ng'ombe. Mtu huyo huyo, akiwa hai na akihitaji mashine ya kupumua, familia yake ilizunguka miezi mitatu ikiomba bila kupata nusu yake. Simlaumu mtu kwa kuheshimu wafu. Ninaomba tu kamati ile ile, mwenyekiti yule yule na daftari lile lile, vikutane siku daktari anapolitaja jina la ugonjwa.

Kwa chama cha watu 30 hadi 100 kilichopo hapa nyumbani, ushauri wangu ni kuweka sehemu kubwa kabisa ya fedha katika matunzo, mshahara wa msaidizi ukitangulia, kisha pumzi na umeme wake, kisha chakula. Sehemu ndogo ya kila mwezi iende hospisi ya karibu. Na utafiti upewe ushiriki wenu badala ya fedha zenu. Kwa walioko ng'ambo ambao mwajiri wao huongeza mchango unaoenda shirika la huko, gawanyeni: kinachoongezewa kiende kwenye utafiti, na kiasi kinacholingana nacho kitumwe nyumbani kila mwezi. Familia yenye ugonjwa wa kurithi ikae na daktari kwanza, kwa sababu kipimo cha jeni kinaweza kubadilisha hesabu yote.

Kabla ya shilingi ya kwanza kuingia, fungueni akaunti au nambari ya Paybill kwa jina la kundi, ikiwa na watia saini watatu na mmoja wao asiwe wa ukoo, na mwandike kwa makubaliano ya mgonjwa mwenyewe fedha na vifaa vitakavyobaki vitaenda kwa nani. Karatasi hiyo itiwe saini, au alama ya kidole, angali na uwezo wa kuisoma na kuibadilisha.